Kanyaga, Shikilia, Achia

Baba Nafula,

Gari lako limekwenda. Limekwenda juu ya mkokoteni, vipande vipande, ile milango yake myekundu imelazwa juu ya vyuma vingine. Walilipitisha hapa mbele ya nyumba nikiwa naanika nguo. Sikulia. Nilibana shati la Nafula kwa kibanio, nikaendelea na lingine.

Unataka kujua nani kafanya hivyo. Ni ndugu yako Wafula. Tumetoka tu kukuzika huko kwenu, matanga hayajaisha vizuri, akanifuata mpaka hapa Makongeni, akachukua ufunguo kwenye msumari. "Gari ni la boma, shemeji," akaniambia. "Wewe ni mtu wa kuja." Alikuwa bado anainywa chai yangu.

Akaingia, akawasha, akajaribu kutia gia. Krrraa! Majirani wakatoka nje. Pedali ya klachi ililala sakafuni, wala haikurudi. Nikamwambia, tena kwa heshima, "Shemeji, hilo nalijua, ngoja nikuonyeshe." Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mama Nafula, wewe rudi jikoni."

Haya. Nikarudi jikoni.

Maana nani alilijua gari lile kama si mimi? Tangu ulinunue kwa yule Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, kila Jumapili wenzangu wakienda kanisani na vitambaa vyao vyeupe, mimi nimekalishwa kwenye kiti cha dereva, wewe umelala chini ya gari, tunatoa hewa kwenye klachi. Kazi ya watu wawili. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Unafungua kiskrubu, mafuta yanatoka na mapovu, unafunga. "Kanyaga tena! Mguu gani huo, unatwanga mahindi?" Siku nyingine rafiki zako walikuja, ukawapigia soga ukiwa hukohuko chini, ukasahau kusema achia. Mguu ukatetemeka. Nikashikilia. Na mambo uliwaeleza wao, si mimi: kwamba injini ikinguruma na gari haliendi, klachi pleti imelika; lakini pedali ikizama na gia zikilia, usiguse injini, tazama kwanza mafuta ya klachi, halafu ile silinda ndogo ya chini, raba yake imechoka, inavuja. Uliwaambia wao. Masikio yalikuwa yangu.

Gari la viti viwili! Kimoja chako, kingine cha yeyote uliyemtaka siku hiyo. Mimi nilikwenda Soko la Burma kwa miguu kukununulia matumbo, ukanipita na honi juu.

Mara moja tu nilikaa ndani likitembea, na nilikaa upande wa dereva. Siku kifua kilipokubana. Nafula yuko shule ya bweni, jirani mwenye pikapu katoka. Nikakuburuta, nikakukalisha, nikakufunga mkanda. Nikakanyaga, pedali ikazama. Nikatia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, nikapiga stata, likaruka kama mbuzi, tukaondoka. Jogoo Road yote niliendesha bila klachi, nasikiliza injini, nabadilisha gia pale inapokubali. Kuendesha nilifunzwa na baba yangu kwenye trekta ya miwa. Hukuwahi kuuliza.

Karibu na hospitali gia moja ilinikatalia, ikalia. Ukafumbua macho. Nikainama, Baba Nafula. Nilidhani unataka kuniita jina langu. Ukasema, "Wee mwanamke, unaniulia gia."

Basi. Hayo ndiyo uliyoniachia. Jioni ile ulikuwa umekwenda, na gari nikalirudisha nyumbani vilevile, na pembeni yangu hakuna mtu.

Sasa sikia ya ndugu yako. Alileta fundi, ovaroli yake safi kama ya siku ya kwanza kazini. Hata kuinama hakuinama. "Klachi pleti imekwisha. Injini ishuke." Mimi nilikuwa bombani nasugua sufuria, na pale nilipo nayaona matone yanadondoka chini ya ile silinda ndogo, tone, tone. Nikasugua sufuria. Wakainyanyua injini kwa mnyororo, wakaitoa pleti: nzima, nene, vile ulivyoiweka. Fundi akajikuna kichwa, akasema labda ni gia boksi. Akaifungua gia boksi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mvua ikanyesha ndani ya injini. Fundi akaacha kuja. Kijana wa jirani akachungulia, akasema, "Mathe, hii dinga imekwisha." Dinga, ndiyo gari lako. Kabureta ikaibwa, kisha taa. Likizo ya Wafula ikaisha, akawaita watu wa vyuma vikuukuu. Alipokuwa anaondoka alinijia na sauti ya chini sana, akaniuliza kama nilijua ubaya ulikuwa wapi. Nikamwambia, "Mimi ni mtu wa jikoni, shemeji." Lo! Ilikuwa tamu hiyo, siwezi kukuficha.

Usiniambie nina roho mbaya. Ninayo, na mwalimu wangu ni wewe. Kinachoniudhi ni kitu kingine. Jumapili ikifika mguu huu wa kushoto hautulii. Nakaa kitandani nasikiliza kama utaniita nije nikukanyagie, na hakuna anayeita, na ninalia kwa hasira. Nakukosa, mshenzi wewe. Nilitaka kukuchukia kabisa nikashindwa.

Desemba tutakuja kukujengea kaburi kwa saruji. Ndugu zako watataka mjane alie mpaka ng'ambo ya mto wasikie. Hawatanisikia. Mimi nina ahadi moja tu kwako. Unaikumbuka ile raba mpya ya silinda uliyoagiza kabla hujaugua, ndogo kama kifungo cha koti? Ulisema tutaitia Jumapili, na Jumapili yenyewe hukuiona. Ilikuwa kazi ya alasiri moja, na mtu mmoja wa kukanyaga. Nitakuja nayo. Nitaikandamiza kwenye saruji ikiwa bado mbichi, upande wa miguu yako, ujue kwamba siku zote Wafula akiishusha injini, raba ilikuwa hapa ndani, juu ya kabati, nyuma ya mkebe wa sukari.

Kwaheri, Baba Nafula. Mguu nimeutoa.

Nekesa, mkeo