Mzee wa Kiti cha Nyuma

Jumanne, 1 Aprili

Kisii hadi Manga, dakika thelathini na tano. Matope. Tata alikuwa tayari nje kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote. Aliingia nyuma, upande wa kushoto, kama siku zote. Ni baba mkwe wangu. Chinsoni, heshima ya ukwe kwetu Gusii, haimruhusu kuketi ubavuni mwangu wala kunipa mkono. Husalimu, kisha hutazama dirishani mpaka tufike. Aliendesha lori la majani chai miaka thelathini. Sasa anaendeshwa na mke wa mwanawe, na hatujawahi kuzungumza jambo lolote zaidi ya mvua.

Miezi minane sasa, kila Jumanne na Ijumaa, muda wa saa nne hospitalini Kisii, kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zote mbili hazifanyi kazi. Ombati, mume wangu, yuko kazini Lodwar. Magari ya abiria tuliyajaribu. Mzee akitoka kwenye mashine hutapika, na dereva mmoja alimshusha njiani. Kwa hiyo ni mimi.

Kwenye mteremko breki zilizama. Nilikanyaga mara ya pili ndipo zikashika. Nimeandika ili nisisahau.

Alhamisi, 3 Aprili

Niliingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya watengenezaji. Gari langu limo. Wameyaita magari ya aina hii yarudishwe, bila malipo. Mpira ndani ya masta silinda, pampu kuu ya breki, unalegea, mafuta ya breki yanavuja kwa ndani. Chini hutaona tone. Onyo liko kwa herufi nzito: mmiliki asiliendeshe gari mpaka lirekebishwe.

Tarehe ya mwito ni ya mwaka jana. Hakuna aliyeniambia. Nami sikuuliza.

Jumatatu, 7 Aprili

Kisumu, kwa wakala. Nilikwenda kwa gari la abiria. Karani wa huduma ana adabu na hana msaada. Gari langu liliingia nchini likiwa limetumika, halikupitia kwao, hivyo lazima Japani waidhinishe kwanza.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili, madam. Ama sita. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea wao."

Nilimwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi. Alicheka, akidhani natania. Nilisubiri. Aliandika.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeendelea kuliendesha. Naliandika hili bila kulipamba. Mashine haimsubiri mtu, na mwingine wa kumpeleka hakuna.

Jana nilimpelekea fundi Onchari, Daraja Mbili. Alibadilisha pedi, akatoa hewa kwenye mirija ya breki, akaongeza mafuta. Masta silinda hakuigusa.

"Hii mimi siifungui, mama. Nikikuwekea ya gari lililokufa, tutazikwa pamoja, na mimi bado sijaoa."

Wenzake walicheka. Mimi pia kidogo. Leo breki zilishika vizuri, kwenda na kurudi. Nikajiambia kwamba tatizo limekwisha. Nilijua kwamba halijaisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Zilizama mara mbili mteremkoni. Nilipampu. Kwenye kioo nilimwona Tata ameshika mkanda kwa mikono yote miwili. Nilidhani ni maumivu.

Jumanne, 22 Aprili

Jambo jipya. Mama mkwe alipiga simu alfajiri. Mzee hataki nipande mpaka nyumbani tena. Atateremka mwenyewe kwa miguu hadi sokoni, nimsubiri huko chini. Eti daktari alisema mazoezi.

Hakuna daktari aliyesema mazoezi. Mimi huwa naye kwenye kila miadi.

Alifika baada ya dakika hamsini, fimbo mkononi, viatu vizito kwa matope, midomo ya kijivu. Aliingia nyuma. Nilimwuliza kama yuko salama. "Niko salama, mama Moraa." Akatazama nje.

Nimechukia. Nadhani ni kiburi. Wanaume wa umri wake wanapougua hutaka soko lote liwaone wakitembea.

Ijumaa, 25 Aprili

Ametembea tena. Muuguzi alimpima, akauliza kwa nini pumzi iko juu hivyo. Nikajibu mimi: anatembea. Muuguzi aliniangalia kama mimi ndiye ninayemtembeza.

Jumatano, 30 Aprili

Nilipiga Kisumu. Japani wameidhinisha. Sasa kipuri ndicho hakipo. Simu ya saba hii, zote nimeziandika na saa zake. Mhariri wangu gazetini anataka niandike habari ya magari yaliyoitwa yarudishwe. Nimemwambia hapana. Siwezi kuandika habari ambayo ndani yake mimi mwenyewe ni mkosaji.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Alichukua saa nzima na robo kuteremka. Alianguka mara moja, goti limechubuka. Nimemwambia mama mkwe kwenye simu, kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia: Jumanne napanda mpaka mlangoni, apende asipende.

Akajibu, "Wewe ndiye unajua, mwanangu."

Jumanne, 6 Mei

Mkono wa kulia umefungwa bendeji. Naandika polepole.

Saa mbili asubuhi nilifika nyumbani kwao. Alikuwa kwenye benchi. Aliliangalia gari, akamwangalia mkewe, akaingia. Hakusalimu. Mara ya kwanza.

Kona ya kwanza breki zilishika. Ya pili zilizama, nikapampu, zikashika. Kabla ya ya tatu, pale barabara inapoinama kabisa, pedali ilikwenda mpaka sakafuni. Nikapampu. Hakuna. Tena. Hakuna.

Kisha sauti nyuma ya sikio langu.

"Kwamboka! Acha breki! Rudisha gia, mbili! Mbili!"

Miaka kumi na tisa nimeolewa hapo na hajawahi kulitamka jina langu. Nilirudisha. Injini ilipiga kelele. Mkono wake ulipita kati ya viti, ukaukuta wangu tayari kwenye hendibreki, akaushika, akauvuta pamoja nami, kidogo kidogo, si kwa kishindo. Mbele palikuwa na wanawake wawili na vikapu vya ndizi.

"Peleka kwa majani! Kushoto! Peleka, wewe!"

Tuliingia kwenye chai. Safu tano. Gari lilisimama limeinama, taa moja imepasuka. Wale wanawake walikuja wakikimbia. Mmoja alikuwa akicheka na kulia. Tata alikuwa bado ameushika mkono wangu. Alipoona, aliuachia kama mtu aliyeshika moto. Alifungua mlango, akashuka, akaketi kati ya mistari ya chai, amenipa mgongo.

Kwenye mashine hatukufika. Mkono wangu umeteguka, haukuvunjika. Yeye kifua kina alama ya mkanda.

Jumatano, 7 Mei

Mama mkwe alikuja Kisii kwa boda, peke yake, kunieleza. Aliketi ukingoni mwa kochi, kikombe cha chai hakukigusa.

Mzee alijua tangu Machi. Alisikia mguu wangu ukipiga pedali mara mbili, mimi mwenyewe sijatambua, akajua ni masta silinda, kabla hata sijatafuta kwenye tovuti. Lakini mwanamume hamwambii mke wa mwanawe, "Hujui kuendesha." Ingesikika hivyo, na hapakuwa na mtu wa tatu garini wa kuyabeba maneno. Kwa hiyo alimwambia mkewe. Mkewe alimpigia Ombati. Ombati alisema: Kwamboka ni mwandishi wa habari, hakuna jambo asilolijua, na tayari amepeleka kwa fundi. Simu ikaishia hapo.

Mzee alipoona siachi, akaanza kuteremka kwa miguu. Si kwa kiburi. Alitaka gari libaki chini, mahali tambarare. Nisiuone mteremko huo kabisa.

Nimewauliza watu maswali kwa miaka ishirini na miwili. Magavana, wauaji, wafiwa. Dereva wa lori aliyekuwa ameketi nyuma yangu kila Jumanne na kila Ijumaa sikumwuliza.

Nilimpigia Ombati. Nilisema machache. Yeye pia.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikodi teksi, nikapanda nayo Manga. Tata hakutoka. Alimtuma mkewe. Anaomba msamaha: amenipigia kelele kama utingo, ametamka jina langu, ameushika mkono wangu mbele za watu. Hawezi kuingia tena garini na mimi. Langu au la mtu mwingine, ni mamoja.

Nilisema hakuna kosa. Mama mkwe aliingia ndani na neno hilo, akatoka.

"Anasema wewe huwezi kulifuta. Si lako."

"Basi aende na teksi bila mimi."

Aliingia tena. Alikawia. Amekubali boda, na jirani. Teksi hataki kumchafulia mtu.

Nilikaa kwenye benchi lake kwa muda. Kutoka ndani nilimsikia akikohoa. Hatua kumi baina yetu, na singeweza kuupita mlango wa chumba chake.

Jumanne, 13 Mei

Alikwenda kwa boda, akiwa katikati ya dereva na jirani. Mvua njia nzima. Nilisimama ng'ambo ya lango la hospitali kama mpelelezi nikamwona akishushwa. Miguu imevimba. Tangu Ijumaa ya tarehe mbili hajakaa kwenye mashine: siku kumi na moja.

Jumatatu, 19 Mei

Gari limevutwa hadi Kisumu, wakala kagharimia. Baada ya ajali wamekuwa wepesi wa simu. Kipuri bado. Meneja mwenyewe alinipigia, akataka kujua kama ninaandika habari. Nikamwuliza kama jibu langu litabadilisha tarehe ya kipuri. Akasema hapana. Nikasema basi hahitaji jibu.

Ijumaa, 23 Mei

Hakwenda. Barabara imekatwa na maji, boda wamekataa. Jumanne pia hakwenda. Mama mkwe anasema analala ameketi, akilala chali anakosa pumzi.

Sikufanya kazi yoyote leo. Nilifungua habari ya kesi ya shamba Nyamira, nikaifunga.

Jumapili, 25 Mei

Nilipanda Manga kwa miguu kutoka sokoni. Nilitaka kujua ni nini hasa. Mimi nina miaka arobaini na saba na ni mzima. Kupanda, dakika arobaini. Kuteremka nilishika miti ya watu. Yeye ana sabini na sita.

Nikiwa uani niliongea kwa sauti ya kawaida, nikiutazama ukuta, ili kila aliye ndani asikie. Nilisema nilikosea. Nilisema onyo nililisoma tarehe tatu Aprili na nikaendelea kumbeba. Nilisema kama kuna wa kuomba msamaha si yeye. Mama mkwe aliacha kupepeta mahindi.

Nilirudi nyumbani.

Jumanne, 27 Mei

Walimbeba kwa machela hadi barabarani. Mashine kwa dharura, kisha wodini. Daktari alituita mimi na mama mkwe kwenye korido. Maji yameingia mapafuni, moyo umepanuka. Haitarudi ilivyokuwa. Hawezi kukosa tena hata moja. Mama mkwe aliniuliza kwa Ekegusii kama amesema mzee atapona. Nilitafsiri nilivyosikia, bila kupunguza.

Alhamisi, 5 Juni

Kipuri kimefika. Nilikwenda Kisumu kulichukua gari. Kazi ilichukua saa moja na dakika kumi. Niliangalia saa kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuangalia. Tangu siku niliyoingia pale mara ya kwanza, karibu miezi miwili.

Fomu ya kusaini. Swali la mwisho: mteja ameridhika? Nililiacha wazi. Karani alinionyesha kwa kalamu kwamba nimeruka. Nikamwambia sikuruka.

Ijumaa, 6 Juni

Tata alitoka wodini jana. Leo Ombati, aliyefika usiku kutoka Lodwar, ndiye aliyempeleka, kwa gari langu. Sikwenda. Jumapili anarudi kazini. Safari ya Jumanne haina mtu.

Mama mkwe amepiga simu jioni. Mzee ameuliza nitafika saa ngapi Jumanne.

Nilimwomba arudie. Alirudia.

Jumanne, 10 Juni

Hakuna mvua. Alikuwa kwenye benchi, koti limemzidi ukubwa. Ombati alikuwa ameacha mto kwenye kiti cha nyuma, akauegemea. Tulisalimiana.

Kabla ya kuwasha gari nilimwambia, nikitazama mbele: "Tata, zisikilize breki. Zikiwa mbaya, niambie mimi."

Tuliteremka. Safu tano za chai zimeng'olewa na kupandwa upya, udongo bado mwekundu. Nilikanyaga mara moja, zikashika. Mara moja, zikashika. Karibu na soko nilisikia akikohoa ili kusafisha koo.

"Zinashika. Hapo kona ya kanisa usikanyage, acha injini ishike. Basi."

"Ndiyo, Tata."

Muuguzi alimpima uzito, akaandika. Saa nne. Nilisubiri nje. Nilipomrudisha alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na nilipanda polepole nisimwamshe.