Mti wa Mbuzi Huku Katumba

Dada Rehema, shikamoo. Huku Katumba vumbi limeniingia hadi masikioni.

Mwalimu wetu wa chuo ameweka runinga kubwa kwenye baraza la duka la Mama Amani, na kompyuta inamchorea mti kila anayesimama mbele yake. Ukitulia, mti unakua. Mimi, mwanafunzi wa sanaa, nilipata kijiti. Mbuzi wa Mama Amani, aliyefungwa pale akicheua, alipata mti mnene, na watu wakampongeza mama: “Umemlea vizuri.”

Kisha dada yake Mama Amani akafika kutoka Mishamo. Wakakumbatiana mbele ya runinga bila kuachiana, wakaulizana hali kuanzia watoto hadi mihogo, miti yao ikaungana ikajaza runinga nzima. Hata mti wa mbuzi ukapotea kwenye majani yao.

Siku nikirudi, ukinikumbatia stendi usiniachie upesi. Huku nimeshindwa na mbuzi.

Mdogo wako, Zawadi