Maji Niliyommwagia Twiga wa Kolo

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Mkonze, marahaba. Bibi yako hajambo, na uwele tumeshavuna.

Umeuliza, wewe na watafiti wenzako wa huko ng'ambo, kama michoro ya miambani Kolo imefifishwa na hizi mvua kubwa za siku hizi. Zimechangia. Lakini ujanani, nilipokuwa naongoza wageni, nilipanda na kibuyu cha maji. Mgeni wa kwanza alisema haoni kitu, nikalimwagia jiwe. Twiga mwekundu akaibuka, amelowa, kama anapumua. Sote wawili tulivua kofia bila kuambiana. Tangu hapo, kila mgeni alipokuja, nilimwaga maji.

Mwezi jana wenzako walinipeleka tena. Twiga amebaki shingo. Kwingine ni chumvi nyeupe iliyoachwa na maji. Kisha binti mmoja Mjapani akanionyesha kwenye kompyuta picha aliyoipiga pale pale, kompyuta ikiwa imezikoleza rangi zilizofifia: twiga mzima, na nyuma yake watu watano ambao sikuwahi kuwaona. Hakutumia hata tone la maji. Nikavua kofia tena.

Kwa hiyo kwenye ripoti yenu msiisingizie mvua peke yake. Mwandikeni na babu yako pia.