Kabureta Moja Inatosha

Jumatano, 2 Julai 1958
Nimefungua tena kabureta ya gari letu la mashindano. Safi. Kanti, mwenzangu wa gereji, kanisimamia mgongoni na gazeti la magari kutoka Nairobi. Anataka tufunge kabureta mbili. Kaona picha. Nikamwambia kabureta mbili kwa pampu hii ni kunyonyesha mapacha kwa titi lililokauka. Akanuna. Anune.

Ijumaa, 4 Julai
Nimetoka msikitini nikamkuta baba yake Kanti gerejini, anapima kuta kwa macho. Mnunuzi wa pamba. Banda ni lake. Kasema tukishinda mbio za Jumapili ya tarehe 13, za kwenda Magu na kurudi, atatuachia banda. Tukishindwa, anajaza marobota ya pamba, Kanti arudi dukani kwake kuuza vitambaa. Akamwita mwanawe mzigo, mbele yangu. Mzee huyu hajui injini imekaa mbele au nyuma. Shikamoo nilimpa, ya mdomoni tu.

Jumatatu, 7 Julai
Nimeamua. Kabureta moja, kubwa, ya lori lililopinduka Usagara. Jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, nimeweka pana zaidi. Pampu mpya. Bomba nimelipitisha mbali na joto la ekzosi.

Kanti kaleta chujio la kioo. Nimelifunga ili anyamaze. Petroli huchujwa pale kwenye pipa, kwa kofia ya pama, ile nzito ya sufu, kama afanyavyo kila mwenye akili mji huu. Maji na kutu vinabaki kofiani. Yeye anasema kofia haitoshi, kuna vumbi jembamba. Mtoto wa duka la vitambaa ananifundisha vumbi.

Alhamisi, 10 Julai
Tumelijaribu gari njia ya Igoma. Linavuta. Mzungu wa kinu cha pamba, mpinzani wetu, alikuwa kando ya barabara na gari lake jipya. Hata boneti anafunguliwa na mtu. Atakula vumbi letu. Nimeanza kuamini, na sipendi.

Jumapili, 13 Julai
Tumeshindwa.

Mpaka Magu tuliongoza. Wakati wa kurudi, kabla ya Kisesa, injini ikakohoa, ikazima. Nikafungua kabureta. Jeti imezibwa na nyuzi nyeupe. Nikafungua chujio: pamba. Kanti kalishindilia asubuhi bila kuniambia, eti asaidie. Kwao pamba ni dawa ya kila kitu. Kidonda, sikio, sasa petroli.

Mzungu akapita akipunga mkono. Kanti akakaa kwenye nyasi, akasema, "Usimwambie baba." Nikaanza kupuliza jeti. Nilimchukia. Bado namchukia.

Jumatano, 16 Julai
Nimepeleka funguo dukani. Mzee akauliza, "Haya fundi, nini kiliharibika?" Kanti alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ukasimama.

Nikasema nilichagua pampu mbovu.

Mzee akacheka. Akasema alijua tangu mwanzo, utategemea nini kwa mtu anayechuja petroli kwa kofia. Akawasimulia na wateja. Kufika kesho mji mzima utakuwa unasema fundi Idi hajui pampu. Kanti hakuinua macho. Kitambaa alikikata kimepinda.

Marobota yameshaingia gerejini. Pampu niliifungua mapema, nimeiweka nyumbani juu ya kabati. Nzima kabisa.