Kitenge cha Mama Zawadi Kimerudi

Jumanne, jioni.

Mvua imenyesha Nateete tangu alfajiri, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshagombana na watu watatu. Wa kwanza ni mwendesha boda boda aliyenirushia matope, huyo simhesabu. Wawili waliobaki ni watu wa kwaya yangu. Nimefunga kibanda changu cha kushona mapema nikaja kukaa hapa, maana nisipoandika nitapasuka.

Nina hasira. Sina namna nyingine ya kulisema.

Asubuhi ndiyo kwanza nilikuwa nafungua mlango, Mama Zawadi akatokea na mfuko. Hakuketi. Hata kiti sikuwahi kumpa. "Mwalimu, nimeleta ya kwaya," akasema, akaenda zake sokoni kwenye meza yake ya dagaa. Nilipofungua mfuko nikakuta sare yetu: skati ya kitenge, blauzi na kilemba. Amevifua, amevipiga pasi, amevikunja. Kuna kifungo cha blauzi kilichokuwa kimelegea tangu mwaka jana, kila siku nasema nitakishona. Amekishona mwenyewe.

Kwa asiyejua mambo yetu Wakongomani: mwanakwaya akinuna kidogo, anakosa mazoezi. Akinuna sana, anaandikia kamati barua ya kurasa tatu. Lakini akirudisha kitenge, ameondoka. Hafuatwi, haulizwi, hasemezwi. Nguo ya kwaya ni ya kwaya, na aliyeirudisha amemaliza maneno yake yote. Tumetoka nayo Uvira na Fizi desturi hiyo, tumefika nayo Kampala, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ina maana.

Mama Zawadi ana sauti nene kuliko wanaume wetu wawili wakijumlishwa. Anaimba sauti ya tatu, benchi la wanaume, na watu walimcheka mwanzoni mpaka siku aliyokosa mazoezi, kwaya nzima ikasikika kama redio isiyo na betri. Hakuwahi kuimba peke yake. Miaka miwili mizima alikataa. Kisha mwaka huu simu ikamjia kutoka Fizi kwamba mama yake amefariki. Njia zilikuwa zimefungwa, vita juu ya vita, asingeweza kwenda. Walimzika bila yeye.

Hakulia mbele yetu. Alikuja kibandani kwangu na wimbo. Alikuwa ameutunga mezani kwake sokoni, akifukuza nzi, beti tatu na kiitikio. Ubeti wa pili unamtaja mama yake kwa jina, unasema alilima wapi, alimbeba nani mgongoni walipokimbia mara ya kwanza. Akaniambia akiuimba kanisani, mbele ya ndugu zake, hapo ndipo atakuwa amemzika. Nikamwambia tutauimba sikukuu ya kwaya. Nilimwahidi mimi, kwa kinywa changu.

Jumapili ndiyo ilikuwa sikukuu.

Sasa niseme habari ya kujitolea, kwa sababu watu wanadhani kujitolea ni kuimba na kutabasamu. Kujitolea ni kumngoja mtu saa nzima, halafu anafika akitafuna chapati na kukuuliza mmefika wapi. Ni waimbaji wa sauti ya kwanza kurekodi kila kitu kwenye simu wasisikilize hata siku moja. Ni kuzima mazoezi kwa sababu mvua inapiga mabati na hamsikiani. Ni kubeba kinanda kwenye boda boda, umekikumbatia, huku dereva anakwepa mashimo kwa kuyaingia. Miaka sita nafanya haya, na ningeyafanya sita mingine bila kununa. Lakini jambo la Jumapili ni lingine.

Mpiga kinanda wetu ni Afande Ochan, polisi, mtu wa kaskazini, hata si wa kanisa letu. Alipita siku moja akasikia tunaimba bila ala, akaingia kutuonea huruma, akabaki. Nampenda sana. Ila Afande amejifunza mwenyewe huko kambini, na anajua funguo nyeusi tu. Wimbo wowote duniani anaupiga kwenye funguo nyeusi, halafu anabonyeza kitufe, mashine yenyewe inapandisha au kushusha sauti. Wa Mama Zawadi unashushwa mara nne. Sote tunajua. Hata watoto wa kwaya wanajua: Mama Zawadi, chini nne.

Jumapili tulialika kwaya moja ya Kawempe. Waliimba kabla yetu, kwa kinanda chetu, na mpigaji wao alikipandisha mara tano kwa ajili ya mabinti zake. Hakukirudisha sifuri. Afande alifika mbio kutoka zamu yake Nakasero, viatu vya kazi bado miguuni, akaketi, akabonyeza chini mara nne kama kawaida yake. Hakuangalia kilianzia wapi: tano juu ukitoa nne, ikabaki moja juu. Basi badala ya kushuka, wimbo ukaanza juu kabisa, mahali ambapo Mama Zawadi hajawahi kufika hata akiita mteja.

Nilisikia.

Nilisikia kwenye noti ya kwanza. Kulikuwa na utangulizi mzima wa kinanda kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nimesimama mbele yao, mikono juu, na yeye ananitazama.

Kwetu wimbo ulioanza hausimamishwi. Umekwisha kutolewa kwa Mungu, humnyang'anyi. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kule Uvira, na siku moja aliongoza wimbo mpaka mwisho paa likivuja, waumini wanahamisha mabenchi. Nyumbani tulisimulia habari hiyo kwa fahari. Basi na mimi nikaendelea kupunga mikono.

Mama Zawadi akaingia. Sauti ikapasuka neno la pili. Akajaribu kushuka chini kabisa, huko nako ikatoka pumzi tupu. Vijana wa nyuma wakacheka. Ndugu zake wanaoishi Kawempe, walioketi mbele kwa nguo za msiba, wakainamisha vichwa. Ndipo Mama Prezida, mwenyekiti wetu, akajitokeza kwenye mstari, anatabasamu, akamtoa kipaza sauti mkononi kama anayempokea mzigo, akampa Solange.

Solange ana sauti nzuri, sina ugomvi naye. Hiyo juu ndiyo nyumbani kwake. Lakini Solange anajua kiitikio tu, beti hakufundishwa. Alipofika kwenye beti, hata ule wa pili penye jina, akaweka "Yesu, Yesu, Yesu". Kanisa likainuka. Vigelegele, vitambaa hewani, mzee mmoja akacheza mpaka madhabahuni. Wimbo wetu haujawahi kupigiwa makofi hivyo.

Na jina la mama yake halikutajwa.

Leo, baada ya kupokea ule mfuko, nilimpigia Mama Prezida. Nilitaka aseme neno moja tu la kujuta. "Tulimuokoa, mwalimu," akasema. "Batu bote balipiga makofi, weye unataka nini tena?" Nikamwambia sare imerudi. Nikafikiri sasa limemwingia. Kumbe alikuwa anawaza. "Iko muzima? Basi upunguze kiuno, kuko dada moja anangojea nafasi."

Nipunguze kiuno! Mimi fundi, nichukue kitenge cha mwanamke ambaye tumemharibia msiba wa mama yake, nikipunguze kiuno! Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu mchungaji anasoma hii blogu. Wanasema hasira ni hasara. Jumapili tulikuwa wapole, wote tunatabasamu, na hasara ndiyo hiyo iko mezani kwangu imekunjwa.

Kisha nikampigia Afande. Huyo nilimfokea hata salamu sikungoja. Nikamuuliza ana macho ya kazi gani kama hawezi kuangalia namba moja kwenye kinanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaomba msamaha, kweli kweli, mara tatu. Halafu akasema, taratibu, kama anayeandika maelezo kituoni: "Lakini mwalimu, mimi nilikuwa naangalia wewe. Mkono yako ilikuwa inaenda tu. Mimi nafuata mkono."

Nikamkatia simu.

Nilikaa na mkasi mkononi sijui nilitaka kukata nini. Niliendelea kumtukana kimoyomoyo, yeye na funguo zake nyeusi. Nyani haoni kundule. Mvua ilipopungua nikachukua mwavuli nikaenda sokoni.

Mama Zawadi alikuwa anafunika dagaa kwa turubai. Aliponiona alinikaribisha vizuri, akanifutia ndoo niketi. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, angenitukana ningepumua. Nikaanza kumweleza habari ya kinanda: tano juu, nne chini, wageni hawakurudisha sifuri. Nilieleza kwa kirefu, kama mtu anayejitetea mahakamani. Akaniacha nimalize.

"Mashine mi siijui," akasema. "Nilikuwa naangalia mikono yako. Nikasema, mwalimu anasikia, sasa hivi atasimamisha." Akafunga kamba ya turubai. "Basi. Mama nimemukosa mara mbili."

 Niliketi pale kwenye ndoo mpaka mteja akaja, nikaondoka.

Nimerudi, nimejaribu kuukasirikia tena ule umati uliopiga makofi, hasira haishiki huko. Inarudi nyumbani. Kwa hiyo niseme ukweli, ndiyo kazi ya kurasa hizi. Nisingizie desturi mpaka lini? Baba aliendelea paa likivuja kwa sababu waimbaji wake walikuwa wanaweza kuimba. Hakumwacha mtu azame ili wimbo ufike.

Mimi sikuendelea kwa sababu ya Mungu. Niliendelea kwa sababu mwalimu wa kwaya ya Kawempe alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono kifuani, na nilijua nikisimamisha atawageukia wenzake acheke. Kwaya ya miaka yote hii, kuanza wimbo mara mbili kama watoto wa shule! Niliona aibu. Aibu yangu ya dakika moja nikaipima na mama wa mtu, nikachagua aibu yangu. Mikono yangu ilifanya hivyo ikiwa hewani, kanisa lote linatazama, na hakuna aliyejua isipokuwa watu wawili: mpiga kinanda na Mama Zawadi mwenyewe.

Afande nimemtumia ujumbe kumwomba radhi. Amejibu, "Hakuna shida mwalimu, kesho nitakuja mapema, nitaanza na sifuri." Mtu mwema. Nitamnunulia soda.

Kesho ni mazoezi. Nitafika wa kwanza kama siku zote, nitafagia, nitapanga mabenchi. Kamati ikishaketi nitaweka mifuko miwili mezani. Mmoja ni wa Mama Zawadi. Wa pili ni wangu, nimemaliza kuupiga pasi sasa hivi, na kilemba kiko juu.

Nitawaambia hivi. Jumapili ijayo nitasimama mbele ya kanisa lile lile na kusema kwamba wimbo ule uliharibika mikononi mwangu, na sasa tunauanza upya, chini, mahali pake. Nitakuwa nimekwenda Kawempe mwenyewe kuwaita ndugu za Mama Zawadi, kwa miguu yangu. Kama kamati inakubali, nitarudi sokoni na mfuko mmoja, nimwombe mama yule avae tena. Anaweza kukataa. Ana haki. Kama kamati inakataa, wachukue yote miwili, wapunguze viuno wanavyotaka.

Na kinanda kikienda juu tena, nitainua mkono. Wote wanyamaze. Tuanze hata mara kumi, Kawempe yote icheke.

Mama yake aliitwa Wabiwa. Naliandika jina lake hapa kwa sababu Jumapili nilisimama mita mbili kutoka kwa mtoto wake na sikuacha nafasi litajwe.

Wabiwa. Jumapili ijayo litaimbwa, au watafute mtu mwingine wa kuwapungia mikono.