Keki ya Kisibiti Iliyofika Skipton

Keighley,
Jumapili, 9 Novemba

Dada yangu mpenzi Enid,

Nakusalimu sana, nikitumaini barua hii itakukuta umeamka salama na nyonga yako mpya inakuruhusu kupanda ngazi. Shemeji Clifford naye, kifua chake kinaendeleaje huko Kanada na baridi hiyo? Mwambie aache kutoka kuzoa theluji kwa koleo; ana wajukuu wakubwa wa kazi hiyo. Sisi huku tupo. Mvua inanyesha tangu Jumatatu, kwa hiyo hilo si jipya.

Jipya ni la Rosalind. Nimekuwekea humu kipande cha gazeti. Huyo aliyesimama katikati mwenye sweta ya bluu ndiye mwanetu. Sweta nimeifuma mimi, ingawa gazeti halikuandika hilo. Wamempa nusu ukurasa mzima, na mwenye duka la nyama ameibandika ukutani bila mimi kumwomba. Nilimpelekea tu.

Usishtuke ukisoma kichwa cha habari. Ni kweli, wanakutana kuzungumza habari za kifo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, huja watu kumi, kumi na watano, wakanywa chai, na kila mtu akasema alilonalo kuhusu kufa. Hakuna mahubiri, hakuna mtaalamu, hakuna anayeuza majeneza, wala hawafikii uamuzi wowote. Yanayosemwa chumbani yanabaki chumbani. Na lazima pawe na keki. Rosalind anasema mtu mwenye keki mdomoni haogopi sana.

Keki ni kazi yangu. Naoka ile ya mama ya kisibiti, zile mbegu ndogo zenye harufu kali, yenye jemu ya machungwa inayopakwa juu keki ingali ya moto. Unakumbuka mama hakuioka ila kwa matanga, mpaka sisi tukawa tunafurahi jirani akifa. Kisibiti wengine nao hutia, lakini jemu ile ni ya mama peke yake.

Ungemwona Rosalind anavyoongoza, Enid. Mwezi wa tisa Bwana Pickles, aliyeendesha basi miaka thelathini, alisema anataka majivu yake yamwagwe uwanja wa mpira, karibu na goli. Mkewe akamwambia, "Wewe hata ukifa utakuwa unamzibia kipa." Watu wakacheka. Mzee akanuna, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hataki tu kuwekwa mahali palipo kimya. Mimi ningeropoka lolote ili kujaza kile kimya. Rosalind alimtazama tu, akamwachia muda wake, mpaka mkewe akamshika mkono. Na huyu ni mtoto aliyetoka shuleni na cheti kimoja. Kuna daktari mstaafu huja pale kukaa na kumsikiliza yeye.

Jambo moja tu lilikuwa linamkera kwangu. Kila mwezi alinigeukia pale ninapokaa kando ya birika kubwa, akasema, "Na wewe mama, huna lako?" Nami nikajibu kwamba mimi nimekuja kwa ajili ya birika. Watu hucheka, yeye hacheki. Siku moja nyumbani aliniambia amefungua midomo ya nusu ya mji, ila wa mama yake umemshinda.

Sasa Jumatano iliyopita alikuja mgeni, mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, Desmond Thwaite. Alionja keki, akasimamisha uma, akasema keki hii ameshaila, tena mara mbili, kwenye mkutano kama huu kule mjini Skipton. Rosalind akacheka, akamwambia haiwezekani mzee wangu, keki hii anaioka mama yangu peke yake. Mzee akageuka, akaniona. Akawa mwekundu mpaka masikioni, maana alikumbuka sharti la kutotoa nje ya chumbani. Akasema huenda amechanganya, uzee huu, akajaza kipande chote mdomoni asije akaulizwa tena. Simlaumu, ni mtu mwaminifu. Sharti linafunga maneno, keki halikuitaja.

Rosalind aliendesha mkutano mpaka mwisho. Tulipokuwa tunaosha vikombe ndipo akaniuliza nimekwenda Skipton mara ngapi. Nikasema tatu. Akafuta kikombe kilichokwisha kukauka. Akauliza kama walinisikiliza vizuri. Nikamwambia walinisikiliza vizuri sana, ila chai yao nyepesi. Akavuta viti viwili, akasema leo yeye haongozi, nianzie popote ninapotaka.

Nawe nakuambia kama nilivyomwambia yeye. Ni kansa ya kongosho. Daktari aliniambia mwezi wa saba kwamba majira ya kuchipua huenda nikayaona, kiangazi nisikitegemee. Dawa za dripu nimezikataa; zingeniongezea wiki chache tu za kutapika. Maumivu makali bado sina. Nilipanda basi kwenda kuwaambia watu nisiowajua kwa sababu nimemsifu mtoto huyu mji mzima kwamba haogopi kitu, na sikutaka niwe mimi wa kuuona uso wake ukiogopa.

Niliuona. Ni ule ule wa siku ya kwanza ya shule, pale langoni. Haukuondoka upesi. Nilifanya kama anavyofanya yeye, nikamwachia muda wake. Kisha akapenga kamasi kwa kitambaa cha vikombe, nikamgombeza, naye akaniuliza siku ya matanga yangu nani ataoka keki.

Kwa hiyo tumeanza. Jana ameoka ya kwanza. Imebonyea katikati, na jemu ameipaka keki imeshapoa. Nimemwambia wazi kwamba haifai kupewa watu. Tunayo miezi kadhaa ya kuirekebisha.

Usingoje mazishi, Enid. Njoo mwezi wa pili, nyonga ikikubali, uionje wewe na umwambie kama imefikia ya mama, maana kufikia hapo mimi huenda nikawa namsifu tu.

Nisalimie Clifford, na wajukuu mmoja mmoja kwa jina lake. Rosalind anakusalimu. Ameisoma barua hii yote, akasahihisha herufi mbili tu.

Mdogo wako akupendaye,
Mavis