Traycho Apandishwa Baiskeli

Desi, uko? Acha kula hiyo banitsa, soma kwanza.

Leo sisi madereva wa basi tumepandishwa baiskeli zilizofungwa chini zisisogee uwanjani, ili basi litupite karibu tuonje wanachoonja waendesha baiskeli barabarani.

Mzee Traycho, profesa wetu wa usukani, yule anayewaita waendesha baiskeli mbu, kakaa mbele yangu. Anacheka tu. "Leo mtawalilia mama zenu, watoto!"

Basi likapita VUUUM! Kioo cha pembeni kikakikosa kiwiko cha Traycho kwa kidogo tu.

Desi, alipiga yowe. YOWE! Akaruka, akaning'ang'ania shingoni. Traycho huyo huyo!

Eti shujaa, anafoka: "Nani huyo mwendawazimu? Afukuzwe leo leo! Anataka kuniua?"

Mlango wa basi ukafunguka. Akashuka Ginka, yule dereva mpya, uso umempauka.

"Mzee, nimepita vile ulivyonifundisha. Ulisema hapo pana nafasi tele."

Nafasi tele, Desi! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hakuna aliyecheka.

Traycho akajifuta jasho. Halafu, huwezi kuamini, akapanda tena ile baiskeli.

"Rudia, Ginka. Safari hii niachie nafasi."